Maombi 1,986 na Kaimu Mmoja

Jumatatu, 2 Juni

Hatimaye! Tangazo limebandikwa ubaoni saa tatu asubuhi, kati ya notisi ya kikombe kilichopotea na ratiba ya kufagia ngazi. Mkurugenzi wa Teknolojia, Idara ya Usajili wa Vizazi. Usaili tarehe 12. Nafasi ni yangu. Nimekaimu miaka miwili na miezi minne. Mlangoni pangu neno KAIMU limeandikwa kwa kalamu na kubandikwa kwa utepe wa gundi. Kiyoyozi kikipuliza, karatasi inaanguka. Naiokota mwenyewe.

Shajara hii naianza leo kwa sababu mtoa mada kwenye semina alisema viongozi wote wakubwa huandika. Alisema pia kwamba kiongozi wa teknolojia serikalini anahitaji stadi na vipaumbele. Havikutajwa, maana chakula kilikuwa kimefika. Nimejitungia. Viko kumi na vinne. Cha kwanza: maono. Cha pili: maono mapana. Cha tatu bado nakifikiria, ila kina neno "mageuzi".

Mchana, habari ya kuchekesha. Mama Masjala naye kaomba! Mama Masjala, mkuu wa chumba cha majalada, miaka thelathini na mmoja kazini, anayebonyeza kompyuta kwa kidole kimoja, kile kile anachotunyooshea. Mtu huyo huniandikia barua kwa mkono wakati kutoka mlango wake hadi wangu ni hatua saba. (Nimezipima.) Nimecheka hadi chai ikanipalia.

Nimepumua. Kama mshindani ni huyo, nishonewe suti tu.

Jumanne, 3 Juni

Runinga kubwa imefika! Nimeipigania miezi saba. Imetundikwa ukumbini mkabala na lango, ili kila anayeingia auone Ubao wa Hali: maombi yaliyopokelewa, yaliyokamilika, yanayosubiri. Watumishi wote wakakusanyika. Nikakata utepe (ule ule wa gundi, hapakuwa na mwingine). Nikawasha.

Namba moja ikajaa kioo kizima. Nyekundu. 1,986. Maombi ya vyeti vya kuzaliwa yanayosubiri zaidi ya siku thelathini.

Mtu mmoja akakohoa. Mama Masjala akaitazama namba, akanitazama mimi, akarudi chumbani kwake.

Nikamwita Mzee Nyaya, fundi wetu wa mifumo. Anastaafu mwakani. Maneno machache, na hutekeleza kila alichoandikiwa, hapunguzi wala haongezi. Nikamwomba nyekundu iwe rangi ya chungwa. Akabadilisha. Sasa tuna 1,986 ya rangi ya chungwa. Mkurugenzi Mkuu kapita alasiri, kasema namba hiyo ni mbaya ivae rangi yoyote ile. Kisha kanimaliza kabisa: Katibu Mkuu wa wizara anakuja kutukagua Jumanne ijayo, tarehe 10. Siku mbili kabla ya usaili. Na mwenyekiti wa jopo la usaili ni nani? Katibu Mkuu.

Dada yangu kapiga simu mara mbili kuulizia cheti cha binti yake. Nimemjibu kwamba ombi lipo kwenye mfumo. Jibu zuri sana hili. Hakuna mtu anayejua la kusema baada yake.

Jumatano, 4 Juni

Nimeitisha kikao cha dharura: kwa nini 1,986? Nilileta michoro. Mama Masjala alileta kikapu cha kusuka. Nilipomaliza mchoro wa tano akauliza kama nimesoma barua zake. Zote tatu. Nikasema nazitumia kila siku.

Si uongo! Kioo cha kompyuta yangu kilikuwa chini mno, shingo ikaniuma tangu mwaka jana. Barua zake tatu, pamoja na karatasi nyingine nzito za mezani, zimekiinua hadi usawa wa macho. Shingo imepona. Hakuna barua iliyowahi kunisaidia kiasi hicho.

Akasema kwamba madirishani watu wanakwama pale pale kila siku na kwamba nikasimame huko nusu saa nijionee. Nikamweleza kwa upole kuwa kiongozi wa teknolojia hasimami dirishani, anaona kutoka juu. Kipaumbele cha kwanza na cha pili. Nimeunda kamati. Kikao kikavunjika kwa amani. Afueni.

Siri ya shajara: jalada la mpwa wangu halimo kwenye rundo la masjala. Nililichomoa mwenyewe mwezi Machi ili nilisukume kwa mkono wangu. Ndiyo faida ya kuwa na mjomba serikalini.

Ijumaa, 6 Juni

Wazo! Limenijia kwa kinyozi. Alikuwa na wateja sita kwenye benchi. Umeme ukakatika. Akawatangazia kwamba kazi ya leo imekwisha, wakainuka, wakaondoka. Foleni: sifuri. Nilitoka mbio, kichwa kimenyolewa nusu.

Nikamwambia Mzee Nyaya: kila ombi lililozidi siku thelathini lihamie kwenye yaliyokamilika. Lenyewe. Jumatatu saa kumi na moja jioni. Jumanne asubuhi Katibu Mkuu akiingia anakuta sifuri, ya kijani. Baada ya ukaguzi tutayarudisha kimyakimya, hata kabla kamati haijakaa.

Mzee Nyaya akauliza kama ni yote. Yote, nikasema. Akauliza kama na yale yanayofuata ombi likikamilika nayo yaende. Nikamwambia kila kitu kiende, mimi si mtu wa nusunusu. Akakuna kidevu. Akaomba niandike. Nikaandika, nikatia sahihi, nikapiga na mhuri. Kanitazama sana yule mzee. Nadhani hajazoea kuona uamuzi wa haraka.

Nimelala mchana kidogo juu ya kiti. Usingizi mtamu.

Jumapili, 8 Juni

Suti imeisha, karibu. Mke wangu ni fundi cherehani, kainishonea mwenyewe. Mkono mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Anasema kosa ni langu, siku ya vipimo nilikataa kuiweka simu chini, akapima mkono uliokunjwa. Nikamwambia arekebishe. Akasema kitambaa hakirefuki kwa amri ya serikali.

Nikamsomea vipaumbele vyangu kumi na vinne huku yeye ana pini mdomoni. Alipozitoa akauliza swali moja tu: watu wa foleni wanataka nini? Nikasema wanataka mageuzi. Akazirudisha pini.

Mchana dada kaja na mpwa wangu. Binti wa miaka kumi na mitatu, ulimi wembe. Kanisalimia vizuri, shikamoo mjomba, kisha akauliza kama mfumo umeamka. Dada hakucheka. Usajili wa mtihani wa kumaliza shule unafungwa Ijumaa, tarehe 13, saa tisa alasiri. Mwalimu mkuu kasema bila cheti cha kuzaliwa hakuna mtihani, na mtoto atarudia mwaka. Mtoto anayeongoza darasa! Dada kasema ameomba cheti tangu Februari, na kila akienda dirishani karani anamwambia mfumo unauliza mtoto kazaliwa hospitali gani.

Nikasema basi si ataje hospitali.

Dada akanikumbusha kwa sauti ya chini kwamba mtoto huyu hakuzaliwa hospitali. Alizaliwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, kwenye mzunguko wa barabara, mvua inanyesha. Na dereva, akasema, alikuwa wewe mdogo wangu.

Kweli. Ile kazi niliifanya kabla ya kompyuta. Nilikuwa nimesahau habari ya hospitali, ingawa kelele zile sitazisahau. Nikaapa mbele ya wote kwamba cheti kitapatikana kabla ya Ijumaa saa tisa. Mpwa wangu akatoa daftari, akaandika tarehe. Anaweka kumbukumbu za ahadi zangu. Hii ni ya tisa.

Jumatatu, 9 Juni

Saa kumi na moja kamili. Ukumbi mtupu, mimi na runinga tu. 1,986. Kisha 1,400. Kisha 312. Kisha... SIFURI. Kijani kioo kizima! Machozi yamenitoka, nasema ukweli. Nimepiga picha kumi na moja. Mzee Nyaya alipita na mkoba wake, akaniambia kila kitu kimekwenda kama nilivyoandika. Nikampa mkono. Akasema tuonane kesho, Mungu akipenda, na akaondoka haraka kuliko kawaida yake.

Wakati wa chakula cha usiku, dada kapiga simu analia kwa furaha. Kapata ujumbe wa simu kutoka ofisini kwetu: "Cheti chako kiko tayari. Fika kesho saa mbili asubuhi ukiwa na kitambulisho." Ananiombea dua, ananiita ngao ya ukoo. Nikapokea dua zote. Nikamwambia mimi ni mtu wa vitendo.

Mzigo umenitoka kifuani. Siku gani hii! Jambo moja tu linanikereketa kidogo nikiandika hapa: cheti chenyewe kimechapwa na nani?

Jumanne, 10 Juni

Sauti sina.

Saa moja na nusu nilishindwa kufika langoni. Watu! Kutoka mlangoni hadi kituo cha mafuta, hadi duka la vioo, hadi kona, na baada ya kona. Kina mama na watoto mgongoni, wazee na viti vyao, wanafunzi wenye sare. Kila mtu kainua simu, na kila simu ina ujumbe ule ule. Ndipo nilipoelewa ni yapi hayo yanayofuata ombi likikamilika. Mfumo ukishafunga ombi, humwandikia mwombaji aje kuchukua cheti. Watu 1,986. Saa mbili asubuhi. Wote. Vyeti: hakuna hata kimoja.

Nilifanya ambacho angefanya kila mtu mwenye akili. Nilijificha chumba cha seva.

Mule ndani kuna baridi ya kufisha, na tundu dogo linalotazama uani. Nikachungulia. Gari la Katibu Mkuu limekwama kwenye umati, yeye kashuka, anakuja kwa miguu, viatu vyeusi kwenye vumbi. Nikaona ajira yangu inaishia hapo. Nikawaza nitamwambia nini mke wangu. Nikawaza cherehani yake na mimi nimeketi pembeni, nakata nyuzi.

Kisha nikamwona Mama Masjala. Katoa meza nje. Katoa na kile kikapu chake. Ndani ya kikapu kuna vipande vya karatasi vyenye namba, alivyovikata miezi mingi, anasema siku moja vingehitajika. Akagawa namba. Wenye watoto wachanga kivulini. Wanafunzi wa mtihani mbele. Wazee waketi. Katika robo saa ile vurugu ikawa foleni. Kisha makarani wake wakatoka na masanduku. Majalada kwa mamia, yamehakikiwa, mashahidi wamepigiwa simu mmoja mmoja, kila jalada lina tiki ya penseli. Kumbe kazi yote ya mkono ilikuwa imekwisha! Kilichobaki ni mfumo kukubali kuchapa.

Mlango wa seva ukafunguliwa. Mzee Nyaya. Akasema kwamba nahitajika, na kwamba kama nimekuja kufunga maombi mengine basi niandike kwanza.

Katibu Mkuu alikuwa ukumbini chini ya ile sifuri ya kijani. Aliitazama runinga, akatazama dirisha, akatazama mkono wangu mfupi wa koti. Akauliza ni kwa nini vyeti havichapwi. Nikaanza na maono. Mama Masjala akanikatiza. Kaniita mwanangu. Akiniita Kaimu ana hasira, akiniita mwanangu ujue nimekwisha. Akasema mwanangu, kalete barua zangu.

Nikaenda. Nikazichomoa tatu chini ya kioo changu, kikashuka, nikazisoma nikitembea. Hatua saba zilitosha. Zote tatu zinasema jambo moja. Mfumo nilioagiza mimi unadai hospitali ya kuzaliwa, uchague kwenye orodha, na bila kuchagua huendelei. Watoto waliozaliwa nyumbani, shambani au barabarani hawamo kwenye orodha. Makarani wakatuma kila ombi hadi hapo, likakwama. Mama Masjala aliomba orodha iongezwe mstari mmoja: "Nyumbani au njiani". Barua ya kwanza ni ya mwaka jana, mwezi Agosti.

Mstari mmoja! Mzee Nyaya alisema angeuongeza siku yoyote, ila hakuna aliyemwandikia. Nikamwandikia papo hapo, juu ya mgongo wa karani. Dakika kumi na moja. Printa ikakohoa, ikatema cheti cha kwanza. Ni cha bibi mmoja wa miaka sabini na minne. Akakibusu. Watu wakapiga vigelegele hadi vioo vikatetemeka.

Katibu Mkuu akavua koti, akanipa kikuza sauti, akaniambia niite namba. Nimeita kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja. Namba 1 hadi 640. Waliobaki wamepewa siku zao, Jumatano na Alhamisi, hakuna atakayeivuka Ijumaa.

Mpwa wangu alikuwa namba 214. Nilimwita kwa fahari kubwa. Wakafungua sanduku. Jalada lake halimo.

Limo la kila mtu. Lake tu halimo. Nililichomoa mimi, mwezi Machi. Nililiweka mahali maalum. Mahali gani?

Mpwa wangu hakulia. Alifunga daftari lake taratibu, akaniambia asante mjomba. Bora angenipiga.

Alhamisi, 12 Juni

Jana na leo nimetafuta jalada. Droo zote, kabati, buti la gari, chini ya godoro, nyuma ya jokofu la ofisi. Mke wangu kapekua hata mifuko ya vitambaa. Hakuna. Bila jalada hakuna uhakiki, bila uhakiki hakuna cheti, na kuanza upya ni wiki tatu. Siwezi kula.

Na katikati ya hayo, usaili.

Watu watatu, jagi la maji, swali la kwanza: stadi na vipaumbele vya kiongozi wa teknolojia serikalini ni vipi? Swali langu! Nikaanza. Sauti ilikuwa ya chura. Baada ya kipaumbele cha tisa ikakatika kabisa, nikamalizia vitano kwa ishara za mikono. Cha mwisho nacho kina "mageuzi", nilizungusha mkono mara mbili. Mjumbe wa kushoto aliinama chini ya meza akajifanya ameangusha kalamu.

Katibu Mkuu akauliza swali lake moja. Ombi la mtu likikwama, mimi nalijuaje? Nikaonyesha kidole upande wa ukumbini, kwenye runinga. Akaandika kitu kifupi sana.

Mama Masjala aliingia baada yangu. Katibu muhtasi alikuwa anaandika kumbukumbu, kanieleza yote. Alisema kompyuta anaijua kidogo, na ya ndani ya waya atamwachia Mzee Nyaya. Alisema kwanza angetaka kila mkubwa asimame dirishani siku moja kwa wiki. Pili, chochote kisizimwe wala kuwashwa kabla ya kujaribiwa kwa watu kumi. Tatu, anayeandikiwa barua aisome. Wakamuuliza kama ana la kuongeza. Akasema hana, ana watu nje.

Vitatu tu! Mimi nilikuwa na kumi na vinne. Lakini hata furaha ya hilo sikuisikia. Kesho ni Ijumaa.

Ijumaa, 13 Juni

Saa sita mchana nilikuwa nimekaa mezani, kichwa mikononi. Nilimpigia dada nikamwambia ukweli wote, kwamba jalada nililichomoa mimi na nimelipoteza mimi. Hakunigombeza. Alisema wapo nje kwenye benchi tangu asubuhi, endapo litapatikana.

Saa saba na nusu Mama Masjala aliingia kuniletea karatasi ya kutia sahihi. Aliniona. Akaweka karatasi chini, akauliza kinachonisumbua. Nilimweleza, na sikutia chumvi hata kidogo. Akasikiliza, akatazama meza yangu, kisha akauliza kwa nini kioo changu kimekalia jalada lenye mhuri wake.

Nikainua kioo. Chini ya barua zilipokuwa, chini ya kalenda ya zamani, lilikuwepo. Jalada la kahawia, jina la mpwa wangu. Mahali maalum! Nililiweka usawa wa macho ili nisilisahau. Nimetazama juu yake miezi mitatu.

Sijui nilipiga kelele gani, walinzi walikuja. Mama Masjala alipiga simu mbili kwa mashahidi, akaweka tiki, akachapa mwenyewe kwa kile kidole kimoja. Saa nane na dakika kumi na nane cheti kikatoka, kina joto.

Tukakimbia. Mimi usukani, dada na binti yake kiti cha nyuma. Tulipofika kwenye ule mzunguko wa barabara nilisikia dada anacheka peke yake, nikajua anawaza ninachowaza. Mpwa wangu alisoma cheti kwa sauti. Mahali pa kuzaliwa: Nyumbani au njiani. Akasema hatimaye serikali imetambua kwamba alikuwa na haraka.

Saa tisa kasoro dakika sita tuliingia ofisi ya mwalimu mkuu. Akatazama cheti, akatazama saa, akaandika jina. Limeandikwa! Nilikaa kwenye ngazi za shule nikalia kama mtoto, suti na yote. Mpwa wangu akaketi kando yangu, akafungua daftari, akaweka alama kwenye ahadi ya tisa. Ya kwanza kutimia. Akanipa nusu ya andazi lake.

Sijawahi kupumua hivi maishani mwangu.

Jumatatu, 16 Juni

Matokeo ubaoni. Mkurugenzi wa Teknolojia: Mama Masjala.

Nilingoja barua yangu ya kufukuzwa. Haikuja! Mama Masjala kaniita, kanipa chai, kasema ile siku niliita namba zote 640 bila kukosea hata moja, watu wakanisikia hadi kwenye kona, na sauti ya namna hiyo haitupwi. Nahamishiwa dirisha namba tatu kwa miezi sita. Karatasi ya KAIMU imebanduliwa. Haitaanguka tena. Nimefika nyumbani naimba kwa sauti ya chura, mke wangu kasema sura yangu imerudi, na kwamba akipata kitambaa atarefusha ule mkono.

Nimejifunza mengi, na nayaandika hapa ili yasipotee. Kwanza: kabla ya kufunga maombi yote, zima ujumbe wa simu. Hapo ndipo tulipokosea, hakuna pengine. Pili: dirisha namba tatu linaweza kabisa kuwa na runinga yake ndogo, nimeshapima ukuta. Tatu: nafasi ya Mkurugenzi wa Mipango itatangazwa Septemba.

Leo nimeanza dirishani. Pazuri, pana upepo. Mkurugenzi mpya kaniletea barua, kurasa nne za mkono, inayoeleza kazi yangu hatua kwa hatua. Karatasi nzuri, nzito. Kiti cha dirisha namba tatu kina mguu mmoja mfupi, kilikuwa kinanitikisa tangu asubuhi. Nimeikunja mara tatu, nikaisukuma chini ya ule mguu. Sasa kimetulia kabisa.